Ala ya kisu yenye nakshi: mwongozo wa anayeanza kazi ya ngozi

Maswali ni yaleyale kila mara. Nimechonga ua, limefutika lenyewe ngozi ilipokauka, kwa nini? Madoa meusi haya yametoka wapi? Kisu kimekata uzi wa ala kwa ndani, je, nishone kwa waya? Mengi ya maswali haya yana jibu moja kati ya mawili: ngozi uliyochagua siyo, au maji yaliyokuwa ndani yake ulipoanza kuchonga hayakuwa ya kiasi. Ndiyo maana sehemu hizo mbili zimeelezwa hapa kwa urefu kuliko nyingine.

Mfano wetu ni ala ya kisu cha shamba chenye bapa la urefu wa sentimita 15, upana wa milimita 35 na mgongo wa milimita 3, kama vile vinavyofuliwa na wahunzi kutoka springi za gari. Ala ya sime au panga hufuata njia hiyohiyo, vipimo tu ndivyo hubadilika. Mfuko wa bastola, kwa anayeimiliki kwa kibali, usiwe kazi yako ya kwanza: ni lazima ufunike kifyatulio chote na ngozi isilegee hata kidogo hapo. Mikono ipate uzoefu kwenye ala kwanza.

NGOZI

Nakshi hukaa kwenye ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tumebahatika kwa hili. Magome ya miwati ya Njombe, miti ya jamii ya akasia, ndiyo chanzo cha tanini, yaani dawa ya kusindika ngozi, ambayo kampuni ya TANWAT imekuwa ikiizalisha tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita, na tanini hiyo ndiyo inayoifanya ngozi inywe maji, ilainike na kisha ishike alama uliyoipiga. Ngozi ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu, ambayo ndiyo nyingi kwenye viatu vya kawaida na mikoba, haishiki. Utaigonga mpaka mkono uume, ikikauka inarudi kama ilivyokuwa.

Ukienda kwa mafundi viatu wa Mwanjelwa jijini Mbeya au soko kuu la Iringa, usinunue kwa kuangalia rangi ya juu. Fanya majaribio haya:

Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome huwa kahawia au ya rangi ya maziwa yenye chai kuanzia juu mpaka chini. Ya kromu mara nyingi ina ubuluu au ukijivu katikati.

Dondoshea tone la maji upande uliokuwa na manyoya. Kwenye ngozi ya magome ambayo haijapakwa kitu, tone huingia na kuacha weusi kidogo. Kisha bonyeza kwa ukucha hapo penye unyevu: alama ibaki.

Kama bado una shaka, kata kijiti cha ngozi cha sentimita 5 ukitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Huku juu kwetu, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na hizo zinatosha: ngozi ya magome itajikunja, isinyae na kuwa ngumu, ya kromu itatoka karibu kama ilivyoingia. Likumbuke jaribio hili utakapofika kwenye kukausha.

Unene uwe milimita 3 mpaka 3.5. Chagua sehemu ya mgongo au bega. Ya tumbo huvutika na ala itapinda. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba mno kwa kazi hii, na ngozi kavu ambayo haijasindikwa, ile iliyowambwa juani tu, italainika na kuoza ikilowa mvua ya Tukuyu. Ngozi ya mnyamapori usiiguse bila kibali, maana ni nyara ya serikali na sheria haiulizi ulikuwa unatengeneza nini.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kipande cha ngozi cha sentimita 40 kwa 15, na ukanda mwingine wa sentimita 22 kwa 2.
Kisu chembamba chenye makali ya wembe, rula ya chuma na karatasi ya manila.
Kisu cha nakshi chenye kichwa kinachozunguka. Hiki ndicho chombo pekee kinachostahili kuagizwa Dar es Salaam, maana mikunjo ya majani haichongeki vizuri kwa kisu cha kawaida.
Misumari mitatu ya inchi 6, tupa ndogo, msasa namba 120, 240, 400 na 600.
Nyundo ya mbao au ya mpira. Nyundo ya chuma inaharibu misumari yako na hairuhusu mkono kupima nguvu.
Bamba la granaiti au marumaru, hata kipande kilichobaki kwenye ujenzi, lenye unene wa sentimita 2 au zaidi.
Msharasi wa fundi viatu au drili yenye keketo ya milimita 1.5.
Sindano mbili butu, uzi wa nailoni wa milimita 0.8 mpaka 1, nta ya nyuki.
Gundi ya viatu, sponji, selotepu ya karatasi, bakuli la maji safi.

Misumari itengeneze mapema. Kata ncha zote tatu. Wa kwanza ukwangue kwa tupa kwa mshazari upate uso wa upana wa milimita 5, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine: huu ndio wa kulaza kingo. Wa pili uso wake uwe bapa, kisha uchore mistari ya kupishana kwa pembe ya tupa: huu ni wa kushindilia mandhari nyuma ya ua. Wa tatu uviringe kama kichwa cha njegere. Yote mitatu ing'arishe kwa msasa 400 kisha 600. Kovu lolote la tupa litajichapa kwenye ngozi kila unapogonga.

HATUA

1. Tengeneza kielelezo cha karatasi. Kunja manila, laza mgongo wa kisu kwenye mkunjo. Kutoka mkunjo mpaka ukingo pima milimita 50: 35 za bapa, 5 za kuruhusu unene wa ngozi na chuma, 10 za ukanda wa kati na mshono. Urefu uwe milimita 200, yaani bapa zima, sentimita 4 za mpini zinazozama ndani, na sentimita 1 chini ya ncha. Upande wa nyuma uongeze mkia wa kuvaa mkanda: upana milimita 30, urefu 150. Fungia karatasi kiunoni kwa mkanda wako, chomoa kisu mara kadhaa, kisha andika NJE kwenye uso unaotazama nje. Ukiruka hili na kuigeuza karatasi juu ya ngozi, utapata ala nzuri ya mtu wa mkono wa kushoto.

2. Kata ngozi kwa nafasi. Zidisha sentimita 1 kuzunguka kielelezo chote. Ngozi hutanuka inapogongwa, na ukikata kipimo kamili kabla ya kuchonga, pande mbili hazitakutana.

3. Bandika selotepu ya karatasi upande wa nyama, mistari ikipishana, ili ngozi isivutike. Itaondoka mwishoni.

4. Lowesha. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nenda taratibu. Chovya sponji, ikamue kidogo, pitisha upande wa manyoya kwa mikupuo mirefu mpaka ngozi nzima iwe na rangi moja ya giza. Usiloweshe eneo la ua peke yake, maji yataacha mstari usiofutika. Kisha weka ngozi kwenye chombo chenye kifuniko ilale usiku mmoja, unyevu uingie mpaka katikati. Usizidishe siku mbili, itaota ukungu.

Asubuhi itoe uiache mezani. Usianze bado. Subiri mpaka rangi irudi karibu na ile ya ukavu, lakini ukiigusisha shavuni bado ina ubaridi. Huo ndio wakati wake. Jaribu kwenye pembe utakayoikata: alama ikigeuka kahawia iliyokolea na kubaki kali, endelea. Maji yakichomoza pembeni mwa kisu, subiri nusu saa nyingine. Kisu kikikwaruza na kukataa kuteleza, ngozi imekauka, pitisha sponji yenye unyevu kidogo juu ya eneo lote.

Saa hutofautiana kwa mahali. Makambako au Iringa mjini, kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo mkavu unainyang'anya ngozi maji ukiwa bado unachora, kwa hiyo funika sehemu usiyoifanyia kazi kwa kitambaa chenye unyevu. Tukuyu wakati wa mvua utangoja zaidi kabla ya kuanza, na hutahitaji kuongeza maji mara kwa mara.

5. Hamisha mchoro. Kwa kazi ya kwanza chora majani mawili na kichipukizi cha chai, kama yanavyochumwa Mufindi na Rungwe. Ni mchoro unaosamehe: kingo chache, mikunjo mirefu, na unajaza vizuri upana wa sentimita 3.5. Ua la pareto linavutia sana, lakini petali zake nyembamba nyingi zinamtaka mtu aliyekwisha zoea kisu. Acha milimita 15 tupu upande wa ukingo, maana hapo utapita mshono. Laza karatasi ya mchoro juu ya ngozi na ufuatishe kwa kalamu iliyokwisha wino. Kalamu yenye wino usiikaribishe kabisa, wino hauondoki.

6. Chonga mistari. Kisu kisimame wima, kidole cha shahada juu ya kichwa chake, kidole gumba na vingine vikizungusha shina lake. Vuta kuelekea kwako na ugeuze ngozi badala ya kugeuza mkono. Kina kiwe theluthi moja ya unene, kwenye ngozi yetu ni milimita 1 hivi. Anza na jani lililo mbele, kisha la nyuma liishie linapokutana nalo. Mistari isikatane. Panapokatana, kipembe cha ngozi kitanyanyuka na kuchanika. Mstari ukikosea, uache ulivyo. Ukipita mara ya pili unapata makovu mawili.

7. Laza kingo. Msumari wa kwanza uso wake ulioinama ukae ndani ya mkato, upande mrefu ukigusa ukuta wa mstari, na ushindilie upande wa nje wa jani. Gonga kidogo, sogeza nusu ya upana wa msumari, gonga tena. Nguvu iwe moja mwanzo hadi mwisho. Ukiona ngazi ngazi, umesogeza hatua kubwa mno, rudi juu yake kwa mapigo mepesi. Jani litaonekana limeinuka, ingawa kwa kweli ni jirani yake aliyeshuka. Kisha msumari wa pili ushindilie nafasi zote kati ya majani, na wa tatu ubonyeze katikati ya kila jani pande mbili za mshipa mkuu.

Hapa jihadhari na chuma. Tanini na chuma vikikutana kwenye maji hutoa weusi wa wino. Futa msumari kila baada ya muda mfupi, usiuache umelala juu ya ngozi, na usikwangue chochote kwa tupa karibu na meza hiyo. Unga wa chuma usioonekana leo utakuwa madoa kesho.

8. Malizia mishipa ya majani. Hii ni mikato ya kisu peke yake, haigongwi. Kila mmoja uanze kwa kina na kuishia bila kitu, kwa kuinua kisu kikiwa bado kinatembea. Jizoeze kwenye mabaki kwanza. Mishipa michache iliyotulia hupendeza kuliko mingi yenye kutetemeka.

9. Kausha kivulini ndani ya nyumba, imelala bapa, saa 24 mpaka 48. Usiweke juani, usisogeze kwenye jiko la mkaa hata kama Njombe kuna baridi ya Julai. Umeona kijiti kilivyosinyaa kwenye maji ya moto. Ngozi yenye maji ndani ikipata joto kali hufanya vilevile polepole, na haitarudi.

10. Toa selotepu, laza kielelezo, kata kipimo kamili. Kama unataka rangi, ipake sasa. Nyeusi ya kudumu unaitengeneza mwenyewe: stilwaya moja iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa, iloweke kwenye nusu lita ya siki nyeupe kwa wiki mbili, kifuniko kikiwa kimelegea kwa sababu inatoa gesi. Chuja kwa kitambaa. Ukiipaka, ngozi ya magome inakuwa nyeusi kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi, kwa kemia ileile iliyoleta madoa. Baada ya nusu saa futa kwa maji yenye kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa nusu lita ili kupunguza ukali wa siki. Ipake nje tu. Upande utakaogusa bapa usipake.

11. Shona mkia kwanza. Ukunje kwa nyuma, ncha yake ipite chini ya mdomo wa ala kwa milimita 35, ipake gundi na uishone mraba. Ukisubiri mpaka ala imekunjwa na kufungwa, mkono hauingii tena ndani. Kosa hili hufanywa na karibu kila anayeanza.

12. Weka ukanda wa kati. Ukate upana wa milimita 12, ufuate ukingo kutoka mdomoni mpaka nchani. Huu ndio unaopokea makali ya kisu badala ya uzi. Kwaruza kwa msasa 120 kila sehemu itakayopakwa gundi, paka pande zote mbili, subiri dakika 10 mpaka ikiguswa isishike kidole, kisha bana. Mkunjo uloweshe kidogo kabla ya kuukunja usije ukapasuka juu.

13. Toboa. Chora mstari milimita 5 kutoka ukingoni. Weka alama kila milimita 4, na kama huna chombo cha kupimia tumia rula, usikisie. Tabaka tatu ni karibu milimita 10, kwa hiyo drili au msharasi ukiinama kidogo, mbele itakuwa sawa na nyuma itayumba. Simamisha wima kabisa.

14. Shona kwa sindano mbili. Kwa kuwa tabaka tatu ni nene, uzi uwe mara 8 mpaka 9 ya urefu wa mshono: kwa sentimita 20 kata mita 1.8. Uvute kwenye nta mara tatu. Kila tundu lipitwe na sindano zote mbili kutoka pande tofauti, zikipishana kwa mpangilio mmoja daima, sindano ya kulia ikitangulia. Ukibadilisha katikati mshono utapinda. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, yeyusha ncha za nailoni kwa kiberiti. Mshono wa aina hii uzi ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, na ndiyo sababu hatutumii cherehani.

15. Ukingo. Msasa 120, 240, 400 mpaka tabaka tatu zionekane kitu kimoja. Lowesha kwa kidole, paka sabuni ya mche kidogo, sugua kwa mti mgumu uliolainishwa au kipande cha turubai mpaka ung'ae na upate joto.

16. Kukalisha kisu. Funga bapa kwa karatasi ya nailoni ya jikoni. Lowesha ala sehemu ya mdomo tu, pale mpini unapokaa, ingiza kisu, bonyeza kwa vidole kuzunguka mpini. Eneo la nakshi usilibonyeze. Baada ya saa moja chomoa kisu, acha ala ikauke siku nzima.

17. Mafuta. Gramu 50 za nta ya nyuki kwa gramu 150 za mafuta ya zeituni, ziyeyushwe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Paka kidogo kwa kitambaa, acha usiku, sugua kwa brashi ya viatu. Mafuta ya mnyama yasiyosafishwa yataleta harufu na ukungu.

IKIHARIBIKA

Nakshi imefutika. Ngozi ilikuwa na maji mengi, au ni ya kromu. Ya magome unaweza kuilowesha upya na kurudia kulaza kingo, mikato ya kisu itakuongoza.

Uso umepasuka kwenye mkunjo. Ngozi ilikuwa kavu, au imewahi kuona moto. Nyufa ndogo hufichika kwa nta. Kubwa hazina dawa.

Madoa meusi. Kabla ya rangi na mafuta, kamulia limau kwenye maji kiasi sawa, paka juu ya doa, subiri dakika 5, futa kwa maji safi kwenye uso mzima. Madoa mengi hupauka. Yaliyobaki, fanya ala iwe nyeusi.

Kisu kinabana mno. Lowesha tena ngozi ya mdomoni na uache kisu kilichofungwa nailoni ndani kwa saa chache. Usikitumie kisu kwa kukilazimisha, utakata ukanda wa kati.

Kisu kinalegea. Mshono uko mbali mno na bapa. Toboa mstari wa pili milimita 3 ndani ya wa kwanza na ushone. Mafuta yakizidi ala pia hulegea, na hilo halirekebishiki.

Uzi umekatwa kwa ndani. Ukanda wa kati ni mwembamba au haupo. Waya hausaidii, unaharibu makali ya kisu na kuleta kutu. Fumua, weka ukanda, shona upya.

Ukungu mweupe. Futa nje ya chumba kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, anika kivulini penye upepo, paka nta upya. Usihifadhi ala kwenye sanduku lililofungwa wakati wa masika.

Kutu kwenye bapa. Chuma cha springi hushika kutu haraka na ngozi hutunza unyevu. Ala ni ya kubebea. Ukifika nyumbani chomoa kisu, kifute kwa kitambaa chenye mafuta, kitundike pembeni ya ala yake.